Yupo, Yupo, Hayupo

Kwa miaka minne nilimwangalia bibi mmoja Mmarekani kule College Park, karibu na jiji la Washington, katika nyumba ya matofali mekundu yenye ngazi tatu mbele ya mlango. Nilitoka Laurel kwa basi kila asubuhi, nikamkuta ameshaamka, ameketi ukingoni mwa kitanda akingoja mtu wa kumvisha soksi. Alikuwa na miaka tisini na mitatu, mimi sabini, naye aliniita mtoto. "Umechelewa, mtoto." Mimi nilimwita Bibi, kwa sababu kwetu mtu wa umri ule haitwi kwa jina lake. Alipouliza maana nikamweleza, alilipenda hata akamkataza daktari kumwita vinginevyo.

Tulizungumza Kiingereza, ingawa hapa naandika kama moyo wangu ulivyosikia. Macho yake yalikuwa yamekufa katikati. Aliona kingo za mlango lakini si mtu aliyesimama mlangoni. Sikio la kushoto halikusikia kitu, la kulia lilisikia kidogo. Kiingereza changu nilikipata shuleni kwa wamishonari na katika Biblia, nacho hakikumfaa. "Kiingereza chako kinatembea pekupeku," aliniambia wiki ya kwanza. "Sikisikii kikija." Basi tukaelewana hivi: barua ikija, au gazeti, niisome kwa macho, kisha nimweleze maana yake kwenye sikio la kulia, polepole, kwa maneno mafupi. Sikuona ubaya. Ndivyo nilivyofundisha Shule ya Jumapili kwetu miaka thelathini, kusoma kwanza halafu kuwaeleza watoto. Sasa najua kwamba kueleza kuna hatari yake, maana anayeeleza husimama katikati.

Baba wa babu yake alikuwa askari wa kikosi cha miguu cha kujitolea, upande wa Kaskazini, katika vita ambavyo Wamarekani walipigana wao kwa wao. Nilipolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza nilicheka kimoyomoyo. Kwetu kanisani kujitolea ni kufagia ua Jumamosi au kupika chai ya wageni wa mkutano. Lakini Bibi alilitamka kama mtu anayeshika kitu cha kioo. "Hakuitwa," alisema. "Alikwenda mwenyewe. Aliacha ng'ombe wawili na mke mwenye mimba, akaenda." Mimba hiyo ndiyo iliyomzaa babu yake.

Zilibaki barua tatu, naye alizijua kwa kichwa. Katika ya kwanza askari analalamika kwamba alikwenda kupigana lakini amepewa sepetu. Wanachimba mahandaki kuzunguka jiji la Washington, tope linafika magotini, na mikate ya jeshi ni migumu hata huivunja kwa kitako cha bunduki na kuiloweka kwenye kahawa. Katika ya pili wanalinda daraja na hawajaona adui. Surua imeua wengi wa kikosi chake kuliko risasi. Katika ya tatu anauliza mtoto ameitwa nani. Baada ya hiyo hakuna kitu. Nyumbani kwao walisema amekufa vitani, wengine kwamba alizama mtoni, na hakuna aliyejua kaburi.

Kila mwezi wa Mei, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, kanisa dogo alilobatiziwa Bibi husoma majina ya watu wake kutoka vita vyote. Jina la huyu halikuwahi kusomwa. Baba yake Bibi aliomba akakataliwa, na Bibi naye aliomba. Mwenye kutunza orodha, mtu mpole, alimwambia alete karatasi yoyote inayosema alifia jeshini, hata mstari mmoja. Bibi hakuwa na mtoto, na ndugu zake wote walikuwa wametangulia.

"Nikifa mimi," aliniambia nikimchana nywele, "hakuna tena mtu duniani wa kuuliza. Unaelewa, mtoto? Si kwamba watamsahau. Watakuwa hawajawahi kumjua."

Basi tuliandika serikalini kuomba nakala za daftari la kikosi. Mwezi wa pili ikaja bahasha nene.

Mimi ningeifungua yote siku ile ile. Yeye alikataa. Alikuwa amefundisha shule ya msingi maisha yake yote, na alitaka mambo yaende kwa taratibu. Ukurasa mmoja kwa siku, baada ya uji, kabla ya dawa. Kila baada ya miezi miwili kikosi kile kiliitwa majina, na karani aliandika mbele ya kila jina kama mtu yupo au hayupo, na kwa nini. Nilitafuta jina kwa kioo cha kukuzia, kidole kikishuka polepole, kisha nikamwinamia sikioni.

"Yupo, Bibi."

"Mtoto mzuri," alisema. Mara nyingine alisema, "Kiti chake hakina vumbi," kama alivyowaambia wanafunzi wasiokosa shule.

Tulikwenda hivyo karibu wiki mbili, na katika siku hizo nikakifahamu kikosi kile kuliko nilivyofahamu majirani zangu wa Laurel. Niliona mpiga ngoma aliyepandishwa cheo na mwaka uliofuata akafa kwa homa, ndugu wawili walioandikwa pamoja kila mara mpaka akabaki mmoja, na mtu aliyepoteza bunduki akakatwa mshahara. Kikosi kilitoka kwenye mahandaki ya Washington, kikavuka mto kwenda Virginia, kikarudi na watu wachache. Yupo. Yupo. Bibi alipiga kofi dogo kila mara, na mashavu yake yalipata rangi. Nilimshukuru Mungu kwa kazi ile. Nilidhani nimeletwa nchi hii kwa ajili ya jambo hilo.

Ukurasa wa kumi na moja ulisema hayupo, mgonjwa, yuko hospitali Washington. Bibi hakupiga kofi. "Kumbe alikuwa karibu hivyo," alisema. "Miaka yote nimekaa hapa."

Ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa wa mwisho. Mbele ya jina palikuwa na neno moja tu, tarehe, na jina la hospitali. Neno lilikuwa deserted.

Nataka nieleze jinsi nilivyolisoma, si kujitetea. Katika Biblia ya Kiingereza niliyosomea nililikuta neno hilo kwenye miji iliyohamwa na watu wake na kwenye wanawake waliotelekezwa na waume zao. Kisha, neno lilisimama peke yake, bila kusema nani amefanya nini. Kwetu shuleni tuliambiwa kwamba kitenzi kikisimama hivyo na ule mkia wake wa -ed, ni mtu aliyetendewa. Kwa hiyo niliona mwanamume mgonjwa kwenye kitanda cha hospitali, na jeshi likiondoka. Sikutafuta kamusi. Sikumtamkia neno lenyewe. Niliinama kwenye sikio la kulia nikamwambia, "Bibi, waliondoka wakamwacha. Alikuwa mgonjwa hospitalini, nao wakamwacha."

Alilia, si kwa uchungu. Alilia kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

"Hakuzama," alisema.

"Hakuzama, Bibi."

"Alikufa kitandani. Mgeni fulani alimfumba macho."

Hilo sikulisoma popote, lakini sikulikanusha. Siku ile ile aliniamuru niandike barua kwa mwenye orodha, kwa mwandiko wangu, kwamba askari huyu aliugua kazini, akaachwa na kikosi chake hospitalini, na hakuonekana tena. Nilifurahi kuiandika. Nilikwenda nayo nyumbani pamoja na nakala ya ukurasa ili binti yangu aipige chapa vizuri.

Binti yangu ni muuguzi. Alikuwa mezani akila ugali kabla ya kwenda kazini, amevaa sare tayari. Aliisoma barua, akasoma ukurasa, akaacha kutafuna.

"Mama, nani amekuambia aliachwa?"

"Imeandikwa hapo."

"Hapa imeandikwa alihepa." Alinawa mkono akarudi na simu yake, akanionyesha. "Alidesert, Mama. Alitoroka jeshi. Ni yeye amefanya, si amefanyiwa."

Nilimwambia huenda neno lina maana mbili. Akasema katika daftari la jeshi lina moja tu. Kisha akanitazama, akajua tayari nilichofanya.

"Na umeshamwambia ati aliachwa?"

"Nimemwambia."

"Basi wacha hivyo hivyo. Mama, please. Huyo nyanya ana miaka tisini na tatu. Unamrudishia hiyo story ya nini? Tuma barua, wasome jina, alale salama."

"Nitume uongo kanisani?"

"Si uongo, ni mistake. Ulimistranslate."

"Asubuhi lilikuwa kosa," nilimwambia. "Sasa nimejua."

Alichukua funguo zake. Mlangoni akageuka. "Mwenye kubeba hii si wewe, Mama. Ni yeye. Fikiria hiyo." Sina la kumlaumu. Alisema kweli, na nimeifikiria tangu siku hiyo.

Niliomba Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Nimefundishwa tangu utoto kwamba anayeomba kwa subira huoneshwa njia. Sikuoneshwa kitu. Niliona tu amri ya kutomshuhudia mtu uongo, na mashavu ya Bibi yenye rangi, na vyote viwili vilibaki palepale.

Jumatatu, baada ya uji, nilikaa karibu naye. "Bibi, nilikosea kusoma."

"Wapi?"

"Neno la mwisho. Sikulisoma. Nililieleza."

"Basi lisome."

Nilisogea kwenye sikio nikalitamka. "Nini?" akauliza. Nikalirudia. Hakulishika. Kiingereza changu kilikuwa pekupeku kama siku zote. Basi nikalitaja herufi moja moja. Yeye, kwa mazoea ya darasani, akaanza kuzitaja pamoja nami, kidole chake kikigonga mkono wa kiti. Tulikwenda pamoja mpaka herufi ya tano. Hapo akanyamaza, nikamalizia peke yangu.

Sikuwa nimewahi kuona uso ukifungwa namna ile. Hakukasirika. Alisema tu, "Nipe dawa zangu." Siku mbili hakuniita mtoto.

Siku ya tatu, nikimsugua miguu mafuta, aliniuliza kama kwetu tulikuwa na mtu wa vita. Nikamwambia kuhusu babu yangu mzaa baba. Yeye hakujitolea. Alikamatwa akilima, katika vita vya Wazungu, akafungwa kamba na wenzake, akabebeshwa mizigo mpaka Tanganyika. Hakurudi. Bibi yangu mpaka anakufa alisema neno moja juu yake, "Aliachwa." Labda ndilo neno nililokuwa nalo mdomoni nilipoinama kwenye ukurasa ule.

"Naye alitoroka?" Bibi aliuliza.

"Sijui. Hakuna daftari."

"Una bahati, mtoto," alisema. "Hukuletewa bahasha."

Tuliandika tena, mara hii kuomba daftari za hospitali yenyewe. Nilijipa tumaini. Nilikuwa nimeambiwa kwamba makarani wa vita vile walichoka, na mgonjwa akihamishwa bila karatasi huandikwa mtoro, hata kama amekufa kitanda cha pili. Nilimwambia Bibi hivyo, naye akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayepewa peremende. Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Walitafuta. Hapakuwa na kitu kingine chini ya jina hilo.

Siku hiyo alisema anataka kwenda pale palipokuwa hospitali. Binti yangu alitupeleka siku yake ya mapumziko. Ni mtaa wa kawaida mjini Washington, majengo ya ofisi yenye vioo, maegesho ya magari chini ya ardhi, duka la kahawa. Hapakuwa hata na kibao. Nilifunga breki za kiti chake cha magurudumu kando ya njia.

"Hapa?"

"Hapa, Bibi."

Basi la jiji lilisimama likashusha watu, likaondoka. Aligeuza uso huku na huku, akitumia zile kingo za macho yake. "Mtu mgonjwa," alisema, "akitoka mlangoni hapa. Angekwenda upande gani?"

"Sijui."

"Mtu mgonjwa huteremka. Hana nguvu za kupanda. Nisukume upande unaoteremka."

Binti yangu alinitazama. Nilifungua breki. Mtaa uliteremka kidogo kuelekea mtoni, nasi tukaufuata, Bibi akishika mikono ya kiti, kichwa mbele kama mtu anayenusa. Tulipita duka la simu, tukapita mtu aliyelala kwenye katoni. Labda alipita hapa, niliwaza, akiwa na homa, akitaka kumwona mtoto ambaye yeye hakujua ameitwa nani. Au alikuwa mzima kabisa na moyo wake ulishachoka na mahandaki. Au hakutoka kamwe. Kwenye njia panda ya tatu palikuwa na ujenzi, njia imezibwa kwa mabati, na alama ya kuwaambia watu wavuke upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa na ngazi.

"Mbona tumesimama?"

"Njia imefungwa, Bibi."

Alingoja kidogo, labda akidhani itafunguliwa. "Turudi," alisema.

Ile barua kwa mwenye orodha, ambayo binti yangu aliipiga chapa hata hivyo, ilikuwa bado kwenye droo ya jikoni, na stempu yake. Bibi alijua. Siku moja mwezi wa nne alisema, akitafuna, "Barua yako ilikuwa nzuri. Ungeitia posta kabla ya kwenda nayo nyumbani." Nilisema, "Ndiyo, Bibi," nikaendelea kuosha vyombo. Sikuituma, naye hakuniambia niitume.

Mwezi wa Mei alitaka twende kanisani. Tulikaa nyuma, karibu na mlango. Mwenye orodha alisoma majina polepole, vita kwa vita, na watu walisimama. Bibi hakusikia hata jina moja. Nilimwona akitazama midomo asiyoweza kuiona. Yalipokwisha, tarumbeta ikapigwa, akanivuta mkono.

"Wamemaliza?"

"Wamemaliza."

Ningeweza kumwambia wakati ule. Lilikuwa neno moja tu, nalo tulilizoea, na duniani hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia tofauti. Alikuwa ameinua uso, sikio la kulia likiwa upande wangu.

"Yupo?"

"Hayupo, Bibi."

Alisema kwa sauti kubwa ya viziwi, watu wakageuka, "Sikutegemea." Lakini mkono wake ulikuwa umenishika kama wa mtu aliyetegemea.

Alianza kulala mchana baada ya hapo. Mwezi wa saba hakutaka uji. Alifariki mwezi wa nane, na nyumba ya ngazi tatu sasa ina watu wengine. Ukurasa wa kumi na mbili uko ndani ya Biblia yangu, kwa sababu hapakuwa na ndugu wa kumpa. Namshukuru Mungu kwa miaka minne ya kazi safi na kwa yule aliyenipa. Nashukuru kweli. Lakini nikiomba juu ya jambo hili sijui niombe nini, maana wote waliohusika wameondoka, na yule askari hana tena mtu wa kumwulizia isipokuwa mimi, mgeni, niliyemsoma vibaya.

Siku chache kabla hajafa aliniambia nisome daftari tena, lote. Nilivuta kiti. Nilisoma ukurasa baada ya ukurasa. Yupo. Yupo. Hakupiga kofi, ila kidole chake kiligonga shuka. Nilisoma ule wa hospitali. Kisha nikafika wa mwisho, nikanyamaza.

"Sema kwa maneno yako," alisema.

Nilitafuta. Katika lugha yangu neno moja huweza kugeuzwa mkia likasema mambo mengi. Aliacha. Aliachwa. Nikapata la tatu, nikainama kwenye sikio lake nikamwambia kwa Kiingereza changu kibovu kwamba waliachana, yeye na jeshi, kila mmoja akashika njia yake.

Alifikiri. "Sivyo ilivyoandikwa."

"Sivyo, Bibi."

Kidole kilikuwa kimetulia juu ya shuka.

"Basi liache, mtoto," alisema.